Waliokimbia umande na wanaounywa

Najua kijiwe kimepoa wiki mbili hizi na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Manyoni kwa likizo, na kule ndani kwa bibi mtandao ni mpaka upande juu ya kichuguu. Nimerudi Dar na mada ambayo si ya siasa wala Bongo Fleva. Ni ya umande. Ndiyo, umande ule ule ambao tunasema mtu asiyesoma aliukimbia. Tulieni, nitaeleza.

Ilikuwa katikati ya Mei. Nilishuka kwenye basi Manyoni mjini jioni, nikachukua bodaboda kwenda kijijini kwa bibi, upande wa kuelekea Itigi. Dereva alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi aliyeniita "braza" kila baada ya sentensi, akaniambia ipo njia ya mkato inayopita porini. Habari za njia za mkato mnazijua. Saa mbili usiku mnyororo ukakatika katikati ya pori, simu hazishiki, na chupa yangu ya maji nilikuwa nimeimaliza tangu kwenye basi. Tukakubaliana kulala hapo hapo mpaka kuche. Aliyewahi kukiona kichaka cha Itigi ataelewa kwa nini hatukujaribu kutembea. Si msitu wa miti mirefu. Ni vichaka vya mita 3 hadi 5, vimesongamana kiasi kwamba ukitoka njiani hupiti bila panga. Nikavunja vijitawi vya kuni kwa kupapasa gizani, tukawasha moto mdogo, tukajilaza kando ya njia.

Alfajiri niliamka koo limekauka na koti limelowa. Dogo alikuwa ameinama juu ya tenki la pikipiki, anapangusa umande kwa kitambaa na kukikamulia mdomoni. "Karibu chai, braza." Nami nikajaribu. Tulipata kama vijiko viwili vya maji, yana harufu ya petroli. Nimekuja kupiga hesabu baadaye na vijiko viwili ndivyo hasa vinavyotarajiwa kwenye tenki la ukubwa ule, kwa hiyo hatukupunjwa.

Mambo mawili yalinishika pale. La kwanza, tenki lilikuwa chapachapa, nyasi za kando ya njia zimelowa, lakini chini ya kichaka, hatua tatu tu kutoka pale, majani yaliyoanguka yalikuwa makavu kabisa. La pili ni ile mibaka ya kijivu inayoota kwenye magome ya matawi. Usiku nilipokuwa navunja kuni ilikuwa inamung'unyuka vidoleni kama chapati ya juzi. Asubuhi ile mibaka ya matawi ya juu ilikuwa laini, na rangi yake imegeuka kijani. Nikaitazama vizuri, maana kazi nyingine sikuwa nayo. Saa tatu, jua lilipopanda, ilikuwa imerudi kijivu na ukiigusa inavunjika.

Tulifika kwa bibi saa nne na ushee tukisukuma pikipiki. "Mume wangu, umelala wapi?" akaniuliza. Nikamsimulia. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka ghafla. Akasema mababu zao walikuwa wakilipita pori hilo mbio mbio, na wengine walibaki humo humo kwa kiu, sembuse mimi mtoto wa Dar na kichupa changu.

Bibi hajasoma vitabu vya historia, yeye mwenyewe ni katika waliokimbia umande. Lakini alichokisema kimeandikwa. Kabla ya reli, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikaikata Ugogo, ikatokea Tura kwenye mlango wa Unyamwezi, kisha Tabora na hatimaye Ujiji. Kati ya Ugogo na Tura palikuwa na pori moja refu lisilo na watu, na wasafiri waliliita Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba katika lugha nyingi za huku bara. Sijui kama kuna jina la kejeli kuliko hilo, kuliita shamba pori ambalo hulimi wala huvuni, unapita tu huku unaomba Mungu. Wilaya ya Manyoni, pamoja na Itigi iliyokuja kuwa halmashauri yake yenyewe, imekaa juu ya sehemu kubwa ya pori hilo.

Burton na Speke walilipita mwaka 1857, wakiwa na Sidi Mubarak Bombay. Speke alirudi na Grant, wakalipita kati ya mwisho wa 1860 na mwanzo wa 1861. Stanley akapita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Hao ndio walioandika vitabu, ndiyo maana tunawajua. Lakini kwa kila Mzungu mmoja aliyepita walipita wapagazi wengi mno, Wanyamwezi hasa, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani, yaani zaidi ya kilo 30. Na walipita watumwa waliokuwa wakipelekwa pwani, ambao hawakuulizwa kama wana kiu. Hao hawakuacha vitabu.

Katika pori lile safari haikupangwa kwa maili, ilipangwa kwa maji. Kutoka Mdaburu hadi Jiwe la Mkoa, kutoka Jiwe la Mkoa hadi Tura, kiongozi wa msafara alikuwa anahesabu vidimbwi na kukisia kama bado vina kitu. Umbali ulipokuwa mrefu mno kwa siku moja walifanya kitu walichokiita tirikeza. Asubuhi wanapika, wanakula, wanakunywa mpaka tumbo linajaa, wanajaza vibuyu. Mchana jua likiwa kali wanaondoka, wanatembea mpaka usiku, wanalala pasipo na maji, alfajiri wanaondoka tena ili wafike kwenye maji kabla jua halijawaka. Kwa maneno mengine, usiku wangu mmoja na bodaboda ulikuwa ratiba yao ya kawaida, ukitoa mzigo wa kilo 30.

Hapo niweke neno moja kuhusu hongo. Misafara ilipopita Ugogo ililazimika kuwalipa watemi wa Kigogo nguo na shanga kabla ya kuruhusiwa kupita na kuteka maji visimani. Wazungu waliandika malalamiko kurasa kwa kurasa, wakaita unyang'anyi. Mimi nikiwa mtu wa huku naiona kama bili ya maji. Visima vile havikujichimba, na msafara wa mamia ya watu ukikinywa kisima kwa siku mbili, wenye kisima wanabaki na tope. Historia ya Manyoni ni historia ya nani mwenye maji na nani analipa. Leo bili inakuja kwa ujumbe wa simu, lakini jambo ni lile lile.

Sasa nipigeni chini kwa hesabu hii. Umande wa usiku mmoja mzuri ukiugeuza kuwa kina cha maji ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, mara nyingine mara mbili au tatu ya hapo. Milimita 0.1 ni kitu cha kucheka. Lakini itandaze juu ya hekta moja, unapata lita 1,000. Ndoo 50 kubwa. Msafara wa watu 300, ukimpa kila mtu lita 3 kwa siku, ungetosheka na umande wa hekta moja na ukabaki na chenji. Wale watu walikuwa wanakufa kwa kiu huku alfajiri wakikanyaga ndoo 50 katika kila hekta ya nyasi! Tatizo ni kuzikusanya. Mwanadamu hana mwili wa kunywea umande. Ukikusanya kwa kitambaa kama dogo wa bodaboda, jua linakukuta kwenye tenki la pili.

Kwa nini tenki lilowe na chini ya kichaka pawe pakavu? Swali hili lilisumbua watu kwa karne nyingi, wengine wakisema umande unadondoka kutoka mbinguni kama mvua ndogo, wengine wakisema unapanda kutoka ardhini. Aliyelimaliza ni daktari mmoja, William Charles Wells, mzaliwa wa Charleston kule Marekani aliyekuwa akifanya kazi London. Alichukua vibonge vya sufu vyenye uzito sawa, usiku akaviweka bustanini, vingine juu ya ubao ulioinuliwa kwa miguu minne, vingine chini ya ubao huo huo, asubuhi akavipima. Cha juu kilikuwa kimenywa maji mara kadhaa kuliko cha chini. Kama umande ungepanda kutoka ardhini, cha chini ndicho kingelowa zaidi. Wells akagundua kwamba kitu kilichotazamana na anga tupu kinapoteza joto lake usiku na kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka, ndipo mvuke uliomo katika hewa unapoganda kuwa matone juu yake, sawasawa na chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1814. Tenki la pikipiki lilikuwa linatazama nyota. Majani makavu chini ya kichaka yalikuwa yamefunikwa blanketi la matawi. Ndiyo maana pia usiku wa mawingu hakuna umande, mawingu ni blanketi.

Tukirudi kwenye ile mibaka, kitaalamu inaitwa likeni. Mwaka 1869 mtaalamu wa Uswisi, Simon Schwendener, alichapisha hoja iliyowaudhi wenzake wengi, kwamba likeni si mmea mmoja bali ni viumbe viwili vinavyoishi nyumba moja: kuvu anayejenga kuta na paa, na mwani mdogo sana anayekaa ndani na kupika chakula kwa mwanga wa jua. Walimcheka miaka mingi. Alikuwa sahihi.

Kinachonivutia mimi ni namna nyumba hiyo inavyopata maji. Likeni haina mizizi. Jani la mti limepakwa nta ili maji yasitoke, likeni haina nta hiyo, kwa hiyo maji yanaingia na kutoka popote. Hewa ikikauka inakauka nayo, inanyamaza kabisa. Haifi, imezima tu, kama simu uliyoitoa betri. Unyevu ukirudi inawaka tena. Gamba la juu likilowa linapitisha mwanga, na rangi ya mwani aliye chini yake inaonekana, ndiyo ile kijani niliyoiona. Na si lazima ilowe kwa matone. Mwaka 1986 Otto Lange na wenzake walionyesha kwamba likeni zenye mwani wa kijani zinaweza kuanza usanisinuru kwa unyevu wa hewani peke yake, bila tone hata moja. Lange huyo huyo alikuwa ameshakaa kwenye jangwa la Negev, ambako mvua ni ya kuhesabu lakini umande unashuka usiku mwingi wa mwaka, akapima siku nzima ya likeni moja. Usiku inalowa. Jua likichomoza inafanya kazi saa chache. Kisha inakauka na kusinzia mpaka usiku mwingine. Maisha yake yote anayaishi kati ya alfajiri na chai ya saa nne. Ndiyo maana inakua polepole mno, nyingine hazifikishi milimita moja kwa mwaka. Mbaka wa ukubwa wa sahani juu ya jiwe kule Kilimatinde yawezekana ulikuwepo Wajerumani walipokuja kujenga boma yao.

Sasa twende kwenye mwisho wa pili wa ile njia ya misafara, pwani, maana huko ndiko likeni iliingia katika historia yetu kwa mlango wa fedha. Ukiangalia orodha za bidhaa zilizosafirishwa kutoka Zanzibar katika karne ya 19 utakuta vitu unavyovijua: pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, kauri, ngozi. Na utakuta marere. Ni vijana wangapi wa leo wanalijua neno hilo? Mimi sikulijua. Marere ni likeni, ya jamii ambayo wanasayansi wanaiita Roccella, inayoning'inia kama nyuzi za kijivu kwenye miti na miamba ya karibu na bahari, pale ambapo upepo wa bahari unaleta unyevu kila usiku. Waliikwangua kwenye vichaka vya pwani kuanzia Benadiri, Somalia ya leo, hadi Msumbiji, wakaifunga mizigo, meli zikaipeleka Ulaya. Huko ililowekwa kwenye amonia, zamani hata kwenye mkojo uliochacha, ikatoa rangi ya zambarau ya kupaka hariri na sufu. Mabibi wa Ulaya walivaa zambarau iliyokunywa ukungu wa Bahari ya Hindi.

Biashara hiyo iliuawa na mtoto wa miaka 18. Mwaka 1856, mwaka mmoja kabla Burton hajafika Ugogo, William Henry Perkin wa London alikuwa anatafuta dawa ya malaria kwenye maabara yake ya nyumbani, akakosea, akapata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Rangi za viwandani zikafuata moja baada ya nyingine, na marere ikapungua thamani polepole mpaka ikasahauliwa, neno lenyewe likabaki kwenye kamusi. Kitu kimoja tu hakikufa. Likeni hizo hizo ndizo asili ya litmasi, ile karatasi ya maabara inayogeuka nyekundu kwenye asidi na bluu kwenye besi. Kwa hiyo wewe ambaye hukukimbia umande, ukafika kidato cha pili na kuchovya karatasi kwenye maji ya limao, ulikuwa umeshika mjukuu wa umande mkononi na mwalimu hakukuambia.

Umande una kaka yake, ukungu, na huyu ndiye mwenye maji mengi. Ukungu ni wingu lililoshuka mpaka chini, vitone vidogo mno vya kuanguka, vinasafiri na upepo kwa ulalo. Kipimo cha mvua kimeangalia juu kikisubiri kitu kinachoanguka, kwa hiyo ukungu unakipita bila kuingia. Mwaka 1902 kuelekea 1903, Rudolf Marloth aliweka vipimo viwili juu ya Table Mountain kule Cape Town. Kimoja akakiacha kama kilivyo, cha pili akakichomekea matete juu yake. Kwa muda wa wiki nane hivi kile kitupu kilipata inchi kama 5. Chenye matete kilipata karibu inchi 80. Matete yalikuwa yamesimama njiani, vitone vikagonga, vikaungana, vikateremka. Msitu wa mlimani unafanya kazi hiyo hiyo, tena bila kuajiriwa.

Wasomaji wa Dar, hapa ndipo mnapohusika. Mto Ruvu, ambao mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inavuta maji yenu, unapata sehemu kubwa ya maji yake kwenye milima ya Uluguru. Mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliyefundisha Morogoro, alipima vitu vinavyoota juu ya miti ya Uluguru: likeni, ndevu, mazulia ya kijani yanayofunika magome. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1980 yanasema kwamba katika msitu mfupi wa ukungu karibu na vilele, vitu hivyo vikikaushwa vina uzito wa karibu tani 14 kwa hekta, na vinaweza kushika lita kama 50,000 kwa hekta katika mvua moja, kisha kuziachia taratibu. Ni tangi la maji lililoning'inizwa mitini. Wakati mvua imekoma na bado bomba lako Sinza linatoa kitu, ujue kuna mibaka na ndevu kule juu zinazodondosha.

Kilimanjaro ni hivyo hivyo, na hapa nijishtaki mimi na wenzangu wa vyumba vya habari. Tumeandika habari za barafu ya Kibo mpaka kila mtoto anajua inaisha. Mwaka 2005 Andreas Hemp, aliyeusoma mlima ule kwa miaka mingi, alichapisha hoja kwamba kwa maji ya watu hasara ya barafu ni ndogo ukilinganisha na ya msitu wa juu ulioungua kwa moto tangu miaka ya 1970. Alikadiria kwamba msitu uliopotea ulikuwa unanasa mita za ujazo milioni 20 hivi za maji ya ukungu kila mwaka. Sisi tuliendelea na barafu. Barafu ina picha nzuri ya ukurasa wa mbele. Ukungu ukiupiga picha, mhariri anakuuliza kama kamera ni mbovu.

Nisije nikawadanganya kwamba kichaka cha Itigi nacho kinakunywa ukungu kama Uluguru. Hapana. Manyoni hatuna ukungu wa namna ile. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, milimita 500 hadi 700 hivi kwa mwaka, halafu basi. Aliyekisoma kichaka kile mapema kuliko wengi ni B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung'o, aliyekufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1938 pamoja na mkuu wake, Swynnerton. Maelezo yake ya uoto yalichapishwa mwaka 1942 akiwa ameshazikwa, na baadhi ya mimea ya kichaka ina jina lake mpaka leo, kama Baphia burttii. Siri ya kichaka iko chini. Juu ni mchanga mwingi, mvua inazama upesi, na chini yake kuna tabaka gumu linalozuia maji yasipotee. Vichaka vinapeleka mizizi huko, na kiangazi vinapukutisha majani na kusubiri. Kwa hiyo wapagazi wa Mgunda Mkali walikuwa na maji ya umande miguuni na unyevu wa mvua ya masika chini ya miguu yao, na yote mawili hawakuweza kuyanywa. Mti hauishi kwa umande, tuseme ukweli. Wanaoishi kwa umande pale ni wale wadogo, ile mibaka.

Kichaka chenyewe kinapungua. Korosho zimeingia Manyoni kwa nguvu miaka hii, mashamba ya pamoja yamefyekwa, na kabla ya korosho kulikuwa na mkaa. Na hapa ndipo ninaposhindwa kuandika ile makala mnayoitarajia, ya kulaani wakata miti. Ada yangu ya chuo kikuu, ile sehemu ambayo mkopo haukufika, ililipwa na baba mdogo. Baba mdogo alikuwa anachoma mkaa. Miaka mitatu nilikaa darasani Dar kwa gharama ya kichaka cha Itigi, gunia kwa gunia. Nikiandika kwamba watu wa Manyoni hawana uchungu na pori lao, nitakuwa namsema mtu aliyenisomesha, na nitaandika kwa elimu aliyoninunulia kwa pori hilo hilo.

Alinichukua siku ya pili kunionyesha eka aliyoisafisha kwa ajili ya mikorosho. Ameacha mkaa, aliniambia, hii ni kazi ya kudumu, hata wewe mwanangu utakuta kitu. Nikamsimulia habari za mibaka inayokunywa umande. Alisikiliza kwa adabu yote, halafu akaniuliza kama inaliwa. Nikasema hapana. Akauliza kama inauzika. Nikasema zamani ya pwani iliuzika, ikaitwa marere, na ikasafirishwa mpaka Ulaya. "Bei gani?" akauliza, na kwa sekunde moja nikaona amelitazama rundo la matawi kwa jicho jingine. Nikamwambia biashara ilishakufa. Akacheka, tukaendelea kutembea.

Kesho yake niliamka mapema, nikarudi pale peke yangu kabla ya jua. Matawi aliyokuwa ameyafyeka wiki iliyopita yamelundikwa pembeni, majani yamenyauka na kukunjamana, ukiyashika yanalia kama karatasi. Usiku ule hapakuwa na wingu, na rundo lote lilikuwa linatazama anga tupu, hakuna tena kichaka cha kulifunika. Mibaka kwenye matawi yale yaliyokufa ilikuwa imelowa, kijani kibichi, inafanya kazi. Baba mdogo alikuwa amesema atachoma rundo Jumamosi.

Ilikuwa Alhamisi.